Mfumo ukizimika ghafla, nani anabeba deni?

USIKU wa Ijumaa, Agosti 25, 2023, sehemu kubwa ya Kenya iliingia gizani. Hata Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta jijini Nairobi ulipata aibu, kwani jenereta iliyotegemewa kwa abiria wa safari za kimataifa ilishindwa kufanya kazi. Alfajiri ya Aprili 1, 2024, ikawa zamu ya Tanzania, pale hitilafu katika Gridi ya Taifa ilipokata umeme katika maeneo mengi ya nchi.

Mjadala wa matukio ya aina hii huelekea upande mmoja tu: umeme ulikatika saa ngapi, ulirudi saa ngapi na nani awajibishwe. Ni maswali ya haki. Hata hivyo, lipo swali jingine ambalo kwa kawaida haliulizwi, nalo linamgusa kila mwenye akaunti benki, kila mwanachama wa SACCOS na kila anayelipia dawa, ada au ankara kwa njia ya kompyuta. Mifumo ya kibiashara iliyokuwa ikifanya kazi wakati ule ilizimwa, au ilizimika?

Kiswahili kimetusaidia kwa kutofautisha maneno hayo mawili. Kinachozimwa kina mtu aliyekizima, kwa makusudi na kwa utaratibu. Kinachozimika hakikuagwa na mtu. Kwa taa ya sebuleni tofauti hiyo haina uzito. Kwa kompyuta inayotunza fedha za watu, tofauti hiyo ndiyo mpaka kati ya hesabu inayoaminika na hesabu inayotiliwa shaka.

Sababu yake si ngumu kuelewa. Kompyuta hufanya kazi kwa kutumia sehemu mbili za kuhifadhia taarifa. Ya kwanza ni kumbukumbu ya muda, ambayo ni ya haraka sana lakini hupoteza kila kitu umeme unapokatika. Ya pili ni diski, ambayo ni ya polepole zaidi lakini hudumu. Ili kazi iende kwa kasi, mfumo huweka taarifa nyingi kwanza katika kumbukumbu ya muda, kisha huzihamishia kwenye diski baadaye, pengine sekunde chache, pengine zaidi.

Mfumo unapozimwa kwa utaratibu, huanza kwa kukataa kazi mpya, humaliza zilizo njiani, huhamisha kila kilichobaki kwenda kwenye diski, hufunga mafaili, na mwisho hujizima. Unapozimika ghafla, hakuna hata moja kati ya hatua hizo inayofanyika. Kilichokwisha kuandikwa kimeandikwa. Ambacho hakijaandikwa kimepotea. Na kibaya zaidi ni kile kilichoandikwa nusu.

Chukua mfano wa mteja anayehamisha Sh200,000 kutoka akaunti moja kwenda nyingine. Kwa mteja hilo ni tendo moja. Kwa kompyuta ni matendo yasiyopungua mawili: kupunguza huku na kuongeza kule. Umeme ukikatika katikati, na kama mfumo haukujengwa kwa tahadhari, fedha zitakuwa zimetoka upande mmoja bila kufika upande wa pili. Watu wa mijini wanaijua kauli hiyo kwa maneno mafupi: fedha zimekatwa, lakini hazijafika.

Wataalamu walikwishaliona tatizo hili miongo mingi iliyopita. Mmarekani Jim Gray, aliyepewa tuzo ya Turing mwaka 1998, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kushughulikia swali la namna kanzidata inavyoweza kuanguka na kuinuka bila kudanganya. Mwaka 1983, Wajerumani Theo Härder na Andreas Reuter walizikusanya sifa nne za muamala salama na kuzipa jina linalotumika hadi leo, ACID. Sifa ya kwanza kati ya hizo inaweza kuelezwa kwa maneno matatu: yote au hakuna.

Njia ya kuifikia sifa hiyo inafanana na desturi ya mhasibu wa zamani. Kabla ya kugusa leja kubwa, mhasibu makini huandika katika daftari la siku kile anachokusudia kufanya. Akiitwa ghafla, atakaporudi atasoma daftari na kujua ameishia wapi. Kanzidata za kisasa hufanya vivyo hivyo: huandika kusudio katika jarida lililo kwenye diski kwanza, ndipo hubadilisha hesabu zenyewe. Zinapowashwa baada ya kuzimika, husoma jarida hilo, hukamilisha miamala iliyokuwa imethibitishwa, na hutengua ile iliyokuwa haijakamilika.

Lakini kabla ya kujitibu, mfumo lazima kwanza utambue kwamba ulianguka. Hapa pia mbinu inayotumika ni ya kawaida kabisa, na inafanana na kitabu cha mlinzi wa zamu. Mlinzi husaini anapoingia na husaini anapotoka. Asubuhi msimamizi akikuta saini ya kuingia bila ya kutoka, hana haja ya kuuliza kama kulikuwa na jambo. Anajua kulikuwa na jambo, kilichobaki ni kulichunguza.

Kompyuta nazo huweka alama zinapoanza kazi na huibadilisha alama hiyo zinapozimwa vizuri. Mitambo ya IBM ya ukoo wa AS/400, iliyoingia sokoni mwaka 1988 na ambayo kizazi chake bado kinatumika katika biashara duniani, zikiwamo benki, ina kigezo cha mfumo kiitwacho QABNORMSW. Kikiwa 0, mfumo ulifungwa kwa utaratibu mara ya mwisho. Kikiwa 1, haukufungwa kwa utaratibu. Mtumiaji hawezi kukibadilisha kwa mkono wake, na programu inayoanzisha kazi za siku inaweza kukisoma kabla ya kuruhusu chochote kuendelea.

Kompyuta za Windows, ambazo ndizo zilizojaa katika maduka na ofisi zetu, nazo zina daftari la matukio. Tukio namba 6006 huonyesha kwamba daftari hilo lilifungwa kama kawaida. Namba 1074 hueleza ni mtumiaji gani au programu gani iliyoomba mashine izimwe. Namba 6008 hutamka kwamba kuzimika kwa mara iliyopita hakukutarajiwa, na hutaja saa. Namba 41 husema mashine imewaka upya bila kuwa imezimwa vizuri. Katika seva za Linux, amri ya "last" huweza kuonyesha neno "crash" mbele ya kipindi ambacho hakikufungwa.

Kwa maneno mengine, ushahidi upo. Umo ndani ya mashine ambazo wafanyabiashara wamekwishazinunua na kuzilipia. Tatizo ni kwamba umeme unaporudi, swali la kwanza na la mwisho linaloulizwa kaunta ni moja tu: imewaka? Ikiwaka, foleni inaendelea. Hakuna anayefungua daftari la mlinzi.

Wapo watakaosema kwamba hofu hii imepitwa na wakati, kwa kuwa kanzidata za sasa hujirekebisha zenyewe. Ni kweli kwa kiasi, na ni vizuri ikasemwa hivyo. Kanzidata nzuri, iliyopangwa vizuri na iliyowekwa kwenye diski isiyodanganya, inaweza kuzimika mara nyingi na kila mara ikarudi na hesabu zinazolingana.

Lakini hesabu zinazolingana ni zile zilizo ndani yake tu. Kanzidata haioni droo ya fedha ya keshia. Haioni risiti ambayo mteja amekwishaondoka nayo mkononi. Haioni kilichoandikwa katika mfumo wa kampuni ya simu, wa benki nyingine au wa shirika la maji lililokuwa likilipwa. Kila mfumo unaweza kuwa sahihi kwa upande wake, na bado ukweli wa jumla ukawa umevunjika katikati. Na pale unapovunjika, yupo binadamu atakayeambiwa alipe.

Ushahidi mkubwa kuliko wote wa jambo hili unatoka Uingereza. Shirika la Post Office la nchi hiyo lilianza mwaka 1999 kusambaza katika matawi yake mfumo wa hesabu uitwao Horizon, uliotengenezwa na kampuni iliyokuja kuwa sehemu ya Fujitsu. Kwa miaka iliyofuata, wasimamizi wa matawi hayo, ambao wengi walikuwa wafanyabiashara wadogo wenye mkataba na shirika, walianza kuona upungufu wa fedha katika hesabu zao ambao hawakuweza kuueleza.

Mkataba ulitafsiriwa kuwa upungufu ni deni lao. Wengine walilipa kwa akiba zao, wengine waliuza nyumba. Kati ya mwaka 1999 na 2015, zaidi ya watu 900 walitiwa hatiani kwa makosa kama wizi na udanganyifu wa hesabu, wengi wao wakishitakiwa na Post Office yenyewe, kwa ushahidi uliotegemea Horizon. Baadhi walifungwa jela.

Desemba 2019, Mahakama Kuu ya London, katika kesi iliyoongozwa na Alan Bates na wenzake, iliamua kwamba mfumo huo ulikuwa na hitilafu zenye uwezo wa kusababisha upungufu wa aina hiyo. Mwaka 2021 Mahakama ya Rufani ilifuta hukumu za watu 39 kwa siku moja. Mei 2024 Bunge la Uingereza likapitisha sheria maalumu ya kufuta mamia ya hukumu kwa mkupuo, jambo ambalo ni nadra sana katika nchi inayojivunia uhuru wa mahakama zake. Ripoti ya kwanza ya uchunguzi unaoongozwa na Sir Wyn Williams, iliyotolewa Julai 2025, ilisema watu wasiopungua 13 huenda walijiua kutokana na mkasa huo.

Si hitilafu zote za Horizon zilizotokana na mfumo kukatika ghafla. Zilikuwa za aina nyingi. Lakini kipo kisa kimoja kidogo ndani ya mkasa huo mkubwa ambacho kinaeleza mada yetu kuliko maelezo yoyote ya kitaalamu.

Oktoba 2012, katika tawi la Lepton, kaskazini mwa Uingereza, mteja alilipa ankara ya simu ya pauni 76.09. Mawasiliano kati ya tawi na kituo kikuu yakakatika. Mfumo, ukijaribu kujitibu, ukautengua muamala ule wenyewe. Tawi likaandikiwa marekebisho ya hesabu ya kiasi hicho hicho, na msimamizi wake akalipa. Lakini alikana kwamba yeye ndiye aliyetengua malipo, akaona jina lake limetiliwa shaka, na akasimama kudai ukweli.

Uchunguzi wa ndani wa Post Office, ulioandikwa mwaka 2013, ulikuta kwamba alikuwa akisema kweli. Utenguzi ulifanywa na mfumo baada ya mawasiliano kukatika. Lakini katika taarifa ambazo wachunguzi wa shirika walikuwa wakizitumia kila siku, utenguzi uliofanywa na mashine haukutofautishwa waziwazi na uliofanywa na binadamu. Ilibidi taarifa za ndani zaidi ziombwe ndipo tofauti ionekane. Mwandishi wa ripoti hiyo alionya kuwa jambo hilo lingeweza kupotosha ushahidi unaopelekwa mahakamani.

Hapo ndipo kiini cha suala kilipo. Kitaalamu, mfumo ulifanya kile ulichotakiwa kufanya: ulianguka, ukatengua kazi isiyokamilika, ukaendelea. Kosa lilikuwa katika kutoandika kwa uwazi kwamba "mimi ndiye niliyefanya hivi, kwa sababu nilikatika". Kujitibu bila kutoa taarifa kuliigeuza hitilafu ya mashine kuwa tuhuma dhidi ya mtu.

Na mtu huyo alikuwa anasimama mbele ya sheria iliyoelemea upande mmoja. Uingereza ilikuwa na kifungu katika sheria ya mwaka 1984 kilichomtaka anayeleta ushahidi wa kompyuta aonyeshe kuwa kompyuta hiyo ilikuwa ikifanya kazi vizuri. Kifungu hicho kilifutwa kwa sheria ya mwaka 1999, na mahakama zikabaki na dhana kwamba kompyuta iko sahihi mpaka ithibitishwe vinginevyo. Mzigo ukahamia kwa mshitakiwa, ambaye hakuwa na ufunguo wa chumba cha seva.

Msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi anaweza kudhani hayo ni ya Waingereza. La hasha. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya Tanzania ya mwaka 2015 inakubali kumbukumbu za kielektroniki kuwa ushahidi, na kuzidhania kuwa halisi pale inapoonyeshwa kwamba mfumo wa kompyuta ulikuwa ukifanya kazi vizuri katika muda wote unaohusika, au kwamba kama haukuwa ukifanya kazi vizuri, hali hiyo haikuathiri ukamilifu wa kumbukumbu. Sheria ya Ushahidi ya Kenya nayo, katika kifungu cha 106B, inaweka sharti linalofanana na hilo.

Maneno hayo, "katika muda wote unaohusika", ni mazito. Mwajiri anayemshitaki keshia kwa upungufu wa fedha, au taasisi ya fedha inayomdai wakala, haina budi kuulizwa: katika kipindi hicho, mfumo wako ulizimika mara ngapi bila utaratibu? Saa ngapi? Baada ya kila tukio mlifanya nini? Kampuni isiyotunza orodha hiyo haina jibu. Na wakili wa upande wa pili asiyejua kuuliza swali hilo amemwacha mteja wake uchi.

Ni vyema pia tukakiri kwamba kuanguka si balaa la maskini pekee. Agosti 8, 2016, shirika la ndege la Delta la Marekani lilipata hitilafu ya umeme katika kituo chake cha kompyuta mjini Atlanta. Ilibainika kwamba kati ya mitambo yake ipatayo 7,000, takriban 300 haikuwa imeunganishwa na umeme wa akiba. Hiyo 300 ilitosha kuangusha mengine. Safari zaidi ya 2,000 zilifutwa ndani ya siku tatu, na hasara ikakadiriwa kufikia dola milioni 150.

Mei 27, 2017, ikawa zamu ya British Airways. Umeme wa kituo cha data karibu na uwanja wa Heathrow ulikatwa, kisha ukarudishwa bila mpangilio, na ni kurudi huko kulikoharibu mitambo. Abiria wapatao 75,000 walikwama. Kila mwenye friji nyumbani katika miji yetu anaujua ukweli ambao shirika hilo liliulipia kwa mamilioni ya pauni: umeme unaorudi ghafla unaweza kuwa mbaya kuliko umeme unaoondoka.

Julai 19, 2024, dunia ilipata aina nyingine ya kuzimika. Umeme ulikuwapo tele. Kampuni ya usalama wa kompyuta ya CrowdStrike ilisambaza faili lenye kasoro saa 1:09 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki. Dakika 78 baadaye ilikuwa imelirudisha, lakini kompyuta zipatazo milioni 8.5 za Windows, kwa makadirio ya Microsoft, zilikuwa zimekwishaanguka. Nyingi ziliwaka, zikaanguka, zikawaka tena, zikaanguka tena. Katika nyingi, tiba ilikuwa fundi kuifikia kila mashine na kulifuta faili lile kwa mkono.

Na Septemba 26, 2025, moto ulioanzia kwenye betri za akiba katika kituo cha taifa cha data mjini Daejeon, Korea Kusini, ulisababisha zaidi ya mifumo 600 ya Serikali kusimama. Kati ya vilivyoteketea ni hifadhi ya nyaraka za watumishi wa umma yenye ukubwa wa terabaiti 858, ambayo haikuwa na nakala mahali pengine. Betri zilizowekwa kuilinda mifumo dhidi ya kuzimika ndizo zilizoizima.

Matukio hayo manne yana sababu nne tofauti, lakini yana funzo moja. Hakuna utajiri unaozuia kuanguka. Kinachotofautisha taasisi moja na nyingine ni maandalizi ya kuinuka, na uaminifu wa kueleza kilichotokea.

Nini basi kifanyike hapa kwetu, ambako katizo la umeme si habari bali ni sehemu ya wiki?

Kwanza, kila biashara inayotunza fedha au taarifa za watu kwa kompyuta iwe na daftari la kuzimika. Si lazima liwe la kielektroniki. Tarehe, saa ya mwisho ambayo mfumo ulijulikana kuwa hai, saa uliyowaka, sababu, nani alikuwa zamu, na nini kilichokaguliwa. Hiyo ni kazi ya dakika tano, na ni kinga kwa mwenye mali na kwa mfanyakazi wake.

Pili, mfumo usiachwe ukaanza kupokea miamala kwa kuwa tu umewaka. Mfumo ukitambua kwamba haukufungwa vizuri, usubiri mtu mwenye dhamana asome, akague, ndipo aruhusu. Na kama umeanguka mara mbili au tatu mfululizo, usiachwe ukijiwasha wenyewe tena na tena. Kila anguko jipya linaweza kuongeza uharibifu.

Tatu, muda kati ya muamala wa mwisho uliothibitishwa na saa ya kuwaka upya uhesabiwe kuwa muda wa shaka. Miamala yote iliyo kando ya muda huo isuluhishwe kwa mkono: fedha iliyo kwenye droo, risiti zilizotolewa, na kumbukumbu za upande wa pili, iwe benki au kampuni ya simu. Kazi hiyo ifanyike siku hiyo hiyo. Baada ya mwezi, kumbukumbu za watu zitakuwa zimefifia na kitakachobaki ni neno la mashine dhidi ya neno la binadamu.

Nne, keshia asirudie muamala kwa kukisia. Kila muamala uwe na namba yake ya pekee, na baada ya kukatika swali la kwanza kwa mfumo wa upande wa pili liwe: namba hii mmeipokea? Mfumo uliojengwa vizuri ukiletewa namba ile ile mara mbili hulipa mara moja tu. Usiojengwa hivyo hulipa mara mbili, na anayelia ni mteja.

Tano, kifaa cha UPS kisinunuliwe kama pambo la chini ya meza. Kazi yake si kuifanya biashara iendelee gizani kwa saa nyingi, bali ni kuipa seva dakika chache za kujizima kwa heshima. Ili hilo litokee, ni lazima kiunganishwe na seva kwa waya wa mawasiliano, na seva ipangwe kujizima yenyewe betri inapokaribia kuisha. Bila waya huo, betri itakwisha na seva itaanguka kama vile UPS haikuwapo, ila kwa kuchelewa kidogo. Betri zenyewe huchoka. Zipimwe kabla hazijahitajika.

Sita, nakala za akiba zitunzwe mbali na jengo zilimotengenezwa, na zijaribiwe kwa kurejeshwa kweli kweli. Januari 31, 2017, kampuni ya GitLab, inayohudumia waandishi wa programu duniani, ilifuta kwa bahati mbaya kanzidata yake kuu. Ilikuwa na njia tano za kunakili na kuhifadhi data. Siku ya haja iligundua kuwa hakuna hata moja iliyokuwa ikifanya kazi kama ilivyodhaniwa, na ikapoteza data za takriban saa sita. Kampuni hiyo iliutangazia ulimwengu wazi kilichotokea, na kwa hilo ilistahili heshima.

Saba, na hili ni la Serikali na wasimamizi wa sekta ya fedha: mtumishi au wakala anayedaiwa upungufu awe na haki ya kuonyeshwa kumbukumbu za kuzimika kwa mfumo katika kipindi anachodaiwa, kabla ya kukatwa mshahara au kupelekwa polisi. Kumbukumbu hizo zionyeshe waziwazi kilichofanywa na mtu na kilichofanywa na mashine. Waingereza walichelewa zaidi ya miaka 20 kulielewa hilo, na gharama yake haijamalizika kulipwa.

Watakuwapo wanaolalamika kuwa mambo haya ni ya mabenki makubwa, si ya duka la dawa la Manzese au SACCOS ya walimu. Lakini mengi kati ya yaliyotajwa hayanunuliwi kwa fedha. Yanahitaji nidhamu, kalamu na msimamizi anayeuliza. Na ni katika taasisi ndogo ndiko mfanyakazi mmoja hushika droo, kompyuta na lawama zote kwa pamoja, bila kuwa na idara ya teknolojia ya kumtetea.

Tumezoea kusema kwamba kompyuta haikosei. Kauli hiyo imekuwa kama fimbo, na kwa kawaida hushikwa na mwenye nguvu dhidi ya asiye nayo. Ukweli ni kwamba kompyuta huanguka, na zilizotengenezwa vizuri hukiri zenyewe kwamba zimeanguka. Huandika saa, na huacha alama. Kinachokosekana ni binadamu wa kusoma ungamo hilo na kulipa uzito unaostahili kabla ya kumgeukia aliyekuwa zamu.

Umeme utakatika tena, kesho au wiki ijayo. Utakaporudi na taa za mashine zikaanza kupepesa, mwenye biashara asiridhike kwa kuona imewaka. Aulize kwanza ilikuwa ikifanya nini ilipozimika, na jibu aliandike.